Kuogelea Dodoma bila kuiharibu ngozi: mwongozo kamili, kuanzia nyumbani hadi nguo inapoanikwa

Likizo ya Juni mwaka jana binti yangu, ana miaka minane, alirudi kutoka kuogelea magoti yakiwa meupe kama aliyepakwa majivu. Usiku akawa anajikuna viwiko. Nikafanya wanachofanya wazazi wengi: nikamwogesha upya kwa sabuni ya mche na dodoki, nikiamini namtoa "dawa ya maji" mwilini. Kulipokucha, mikunjo ya viwiko ilikuwa na vijistari vyekundu vilivyopasuka, na nilipompaka mafuta alilia. Dawa ya bwawa ilikuwa imechangia, lakini kilichomuumiza zaidi ni lile josho la usiku nililompa mimi mwenyewe.

Naandika ili mzazi mwingine wa hapa asipite njia hiyo. Jambo ninalotaka ulishike ni moja: ngozi ya muogeleaji hulindwa dakika moja kabla ya kuingia majini na dakika tano baada ya kutoka. Saa nzima unayokaa ndani haina uzito kama hizo dakika sita.

Kwa nini Dodoma ina mambo yake

Mtu wa Dar au Tanga akitoka majini, hewa yenyewe ina unyevu. Hapa kwetu, kuanzia Mei hadi Oktoba, hakuna mvua ya maana, upepo unavuma na vumbi lake, na ngozi iliyolowa ikipigwa na upepo huo hukauka kupita ilivyokuwa kabla hujalowa. Ndiyo maana magoti na visigino hupauka hata kwa mtu asiyewahi kuliona bwawa la kuogelea.

Halafu kuna jua. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 1,000 mionzi inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri hutupita wima kabisa utosini. Lakini miezi inayowahadaa watu ni Juni na Julai. Upepo ni wa baridi, mtu hahisi joto, anakaa ukingoni saa tatu, na jioni mabega na pua vinawaka.

La tatu ni maji yenyewe. Aliyeishi Dodoma anaijua chumvi ya maji ya visima: birika lina ukoko mweupe, na sabuni haitoi povu mpaka uisugue sana. Ukoko ule ni kalisi na magnesi. Madini hayo yakikutana na sabuni hutengeneza utando usioyeyuka, na utando huo hubaki juu ya ngozi na kwenye nywele. Sasa fikiria bwawa lililo wazi juani: maji yanapungua kwa kukauka, mwenye bwawa anaongeza ya kisima, yanakauka tena, anaongeza tena. Maji huenda, madini hubaki, kwa hiyo kila mwezi yanazidi kuwa mazito. Ukiona mstari mweupe mgumu kwenye vigae, pale maji yanapoishia, chumvi yenyewe ndiyo hiyo. Ukipitisha ukucha unakwaruza.

Kabla ya kutoka nyumbani

Kwanza jiulize kama unafaa kuingia majini. Anayeharisha asiende, mkubwa kwa mdogo. Klorini, ile dawa ya bwawa, ikipimwa vizuri huua bakteria wengi kwa dakika chache, lakini kipo kimelea kiitwacho kriptosporidiamu ambacho huishi zaidi ya siku saba kwenye maji yaliyotiwa dawa sawasawa. Mtoto mmoja anayeharisha anatosha kuambukiza bwawa zima. Daktari akikuambia ulikuwa nacho, kaa nje wiki mbili baada ya kuharisha kukoma.

Mwenye kidonda kibichi, jipu, macho mekundu yanayotoa tongotongo au mapunye ambayo hayajatibiwa naye asubiri.

Usinyoe wala usitoe nywele kwapani au miguuni siku ya kuogelea. Wembe huacha mikwaruzo usiyoiona, na dawa ya bwawa itakuonyesha ilipo. Nyoa jana yake.

Kuhusu mkorogo nasema wazi, maana wengi wanaficha. Krimu za kuchubua huifanya ngozi iwe nyembamba na kuipunguzia kinga yake. Ukiipeleka ngozi hiyo kwenye klorini na kisha kwenye jua la saa saba, utarudi na uso unaowaka na madoa meusi yatakayokaa miezi. Kama unatumia, kaa kivulini. Na kama uko tayari kuacha, muone daktari akupangie namna ya kuacha, kwa sababu zenye steroidi (dawa kali ya kuzima uvimbe na muwasho) zikikatizwa ghafla ngozi hulipuka.

Kwenye mkoba weka hivi: taulo lako peke yako, ndala, nguo halisi ya kuogelea, nguo kavu za kubadili (chupi ikiwemo), sabuni laini au sabuni ya mtoto, mafuta ya mwili, losheni ya kukinga jua, na chupa ya lita moja na nusu ya maji ya kunywa ambayo hutayanywa. Kazi ya chupa hiyo nitaieleza.

Vijana, boksa na kaptura ya mtaani si nguo za kuogelea. Pamba huingia na jasho, vumbi na mabaki ya sabuni ya unga, na klorini ambayo ingeua vijidudu inaishia kupambana na kaptura yako.

Kulikagua bwawa kabla hujalipa

Fika ukingoni, simama, tazama chini upande wenye kina kirefu. Unapaswa kukiona kifuniko cha tundu la maji la chini vizuri, pamoja na matundu yake. Kama unaona kivuli tu, rudi nyumbani. Maji yenye ukungu huficha uchafu, na huficha pia mtu aliyezama.

Kisha piga magoti, gusa ukuta wa ndani chini kidogo ya usawa wa maji. Kigae safi kinakwama kidogo kidoleni. Kikiteleza kama bamia, kuna utando wa vijidudu au mwani, na dawa imezidiwa.

Pua ndiyo inayowapotosha wengi. Watu husema, "Bwawa hili safi, dawa inanukia mpaka nje." Ni kinyume chake. Klorini iliyo tayari kufanya kazi haina harufu kali hivyo. Harufu inayochoma pua na kuyafanya macho yawe mekundu hutoka kwenye kloramini, yaani klorini iliyokwisha kuungana na jasho, mkojo na mafuta ya miili. Bwawa linalonuka sana linakuambia kwamba watu wengi wameingia bila kuoga, na wengine wamekojoa humo.

Usione haya kumuuliza mhudumu. Wapo wanaoifahamu kazi yao. Mmoja niliyemkuta asubuhi mapema alichuchumaa ngazini, akazamisha kisanduku chake cha plastiki cha kupimia maji mpaka kiwiko kikalowa, kwa sababu maji ya juu tu hayatoi jibu la kweli. Kisanduku kilikuwa na vyumba viwili. Akadondosha matone kwenye kimoja, maji yakawa ya njano. Kwenye kingine yakawa mekundu kama juisi ya rosela. Akakiinua juu usawa wa macho, akalinganisha na rangi zilizochapwa pembeni. "Mama, hii njano ni klorini, hii nyekundu ni pH, kipimo cha uchachu: ikipanda, uchachu umepungua," akaniambia. "Nyekundu ikikolea sana, hata nimwage ndoo nzima ya dawa, haifanyi kazi."

Alikuwa sahihi, na hapa ndipo maji yetu ya chumvi yanapoleta shida, maana huelekea kuipandisha pH. Klorini huru, yaani ile ambayo bado haijaungana na uchafu, inatakiwa iwe miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na pH kati ya 7.2 na 7.8. pH ikiwa 7.5, karibu nusu ya klorini iko katika hali inayoua vijidudu kwa nguvu. Ikipanda hadi 8, ni kama robo tu. Asiyejua anaongeza dawa juu ya dawa, ngozi za watu zinaumia, na vijidudu vinaendelea kuishi. Jua nalo hula klorini: bwawa la wazi lisilo na dawa ya kuituliza linaweza kupoteza sehemu kubwa ya klorini yake kwa saa mbili za jua kali. Kwa hiyo kipimo cha asubuhi hakisemi lolote kuhusu saa tisa alasiri. Uliza, "Mmepima saa ngapi?" Jibu likiwa "jana", au akakutazama tu, umeshapata jibu.

Sikukuu ya Idi, Krismasi na Mwaka Mpya, bwawa dogo linaweza kubeba watu mara tatu ya kawaida. Siku hizo mimi siingii wala sipeleki mtoto. Nenda siku ya kazi, au Jumamosi asubuhi wanapofungua.

Dakika moja kabla ya kuingia

Hatua inayorukwa na karibu kila mtu ndiyo yenye faida kuliko zote. Simama chini ya bomba la mvua dakika nzima, bila nguo za mtaani, na ujisugue kwa mikono: kwapani, kiunoni, miguuni, nyuma ya masikio. Dakika moja huondoa sehemu kubwa ya jasho, vumbi, manukato na mafuta ambayo yangeingia majini kutengeneza kloramini.

Kwako wewe kuna faida nyingine. Nywele ni kama dodoki kavu: cha kwanza kukigusa ndicho kinachonyonywa. Zikishiba maji ya bomba, hunyonya kidogo maji yenye dawa.

Usijipake mafuta mengi kabla ya kuingia. Yataelea juu ya maji, yatakula klorini na kuziba chujio. Mwenye pumu ya ngozi ndiye anayeruhusiwa kupaka mafuta ya mgando, safu nyembamba sana kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti tu, dakika ishirini kabla.

Losheni ya kukinga jua iwe na SPF (kipimo cha nguvu ya kukinga) ya 30 au zaidi, inayohimili maji. Ukishaoga jifute, paka, subiri robo saa, ndipo uingie. Rudia kila baada ya saa mbili, na kila ukitoka na kujifuta. Nasikia sana kwamba mtu mweusi haungui. Anaungua, ila wekundu hauonekani kwa haraka. Kinachobaki ni madoa, na madoa kwenye ngozi nyeusi huchelewa kufutika. Njia isiyo na gharama ni kukwepa jua la saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri.

Mwenye ualbino asitegemee losheni peke yake. Aogelee kwenye bwawa lenye paa, au baada ya saa kumi na moja jioni, akiwa na fulana ya kuogelea ya mikono mirefu na kofia pana anapokaa ukingoni. Losheni ya Kilisun, inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, husambazwa kupitia kliniki. Uliza kwenye hospitali au chama chenu.

Ukiwa majini

Usiyanywe maji na usiyatie mdomoni kwa mchezo. Toka kila saa kwenda chooni, na mtoto mpeleke hata akisema hana haja. Wa nepi umwangalie mara kwa mara na umbadilishie chooni, mbali na ukingo. Vaa ndala kila unapotembea kwenye sakafu yenye majimaji na bafuni, maana fangasi wa vidole hupatikana hapo kuliko ndani ya bwawa. Taulo usiazime wala usiazimishe, hata kwa ndugu wa tumbo moja.

Saa moja inatosha. Ngozi ikilowa kupita kiasi, kinga yake hulegea.

Dakika tano baada ya kutoka

Usikae na nguo mbichi ukipiga soga na kula chipsi. Upepo unakukausha huku dawa ikibaki mwilini, na kwa wanawake kitambaa kibichi kinacholowanisha sehemu za siri saa nzima ni mwaliko wa fangasi. Nenda moja kwa moja bafuni.

Maji yawe ya kawaida au vuguvugu. Ya moto huyeyusha mafuta machache ambayo klorini imeyabakiza. Suuza kwanza bila sabuni, dakika mbili. Kisha sabuni kidogo, kwapani, sehemu za haja kwa nje, na miguuni basi. Mikono, mgongo na mapaja hayahitaji sabuni siku hiyo. Ngozi ya binadamu ina uchachu kidogo, pH yake ni kama 5, na sabuni ya mche inazidi 9. Ukiongeza sabuni hiyo juu ya klorini, kwa maji yenye chumvi, na dodoki likikwaruza, unapata viwiko vya mwanangu.

Sasa ile chupa. Ukimaliza kuoga kwa maji ya bomba, mimina maji ya kunywa taratibu usoni, shingoni, kwenye viwiko na magotini. Maji ya chupa mengi hayana chumvi nyingi kama ya visima vyetu, kwa hiyo yanaondoa utando wa mwisho. Msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, mimi hukinga maji ya bati kwenye dumu safi kwa kazi hii, baada ya mvua ya kwanza kuosha paa. Tofauti utaiona kwa kidole: ukikipitisha juu ya mkono, hakikwami tena.

Kuna wanaojipaka limao kutoa harufu ya dawa. Tafadhali usifanye hivyo. Maji ya limao au ndimu yakikutana na jua juu ya ngozi huunguza, hutoa malengelenge, na huacha alama za kahawia kwa wiki nyingi.

Jifute kwa kubonyeza taulo, usisugue. Acha ngozi ikiwa na majimaji, halafu paka mafuta palepale, ndani ya dakika tatu. Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi, yanayafungia yaliyopo. Ukisubiri ufike Ilazo au Nzuguni kwa bodaboda ndipo upake, unafungia ukavu.

Mafuta gani? Ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato, ni bora kuliko losheni nyingi za bei kubwa. Mafuta ya alizeti tunayo hapahapa, Dodoma na Singida, na yana asidi ya linoleiki ambayo ngozi huitumia kujenga kinga yake. Chukua safi, sio yaliyokwisha kukaangia. Glisirini tupu iogope wakati wa kiangazi: huvuta maji, na hewa ikiwa kavu huyavuta kutoka ndani ya ngozi yako. Ichanganye na maji, paka kwenye ngozi mbichi, kisha ifunike kwa mafuta ya mgando. Kwa watoto paka tena kabla ya kulala, hasa visigino, na vaa soksi.

Nywele na masikio

Nywele zilowanishe kwa maji ya bomba kabla ya kuingia, pitisha mafuta ya nazi kidogo kwenye ncha, vaa kofia ya kuogelea. Zenye dawa ya kulainisha hukatika upesi zaidi, kwa hiyo usiogelee wiki uliyoziweka dawa. Waliosuka wasuuze katikati ya mistari na wakaushe mpaka kwenye ngozi ya kichwa. Rasta zikibaki mbichi chini siku mbili, mba na harufu hufuata.

Sikio likiingia maji, inamisha kichwa upande huo na uvute ndewe taratibu. Usiingize pamba ya kijiti, ufunguo wala mafuta. Likiuma unapobonyeza kile kinyama cha mbele ya tundu, nenda hospitali.

Malambo na mabwawa ya mto

Yote niliyoandika yanahusu maji yaliyotiwa dawa. Hombolo, Mtera na malambo ya vijijini ni habari nyingine. Kwenye maji yaliyotuama yenye konokono, minyoo ya kichocho hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda, kwa dakika chache tu, na kujifuta kwa haraka si kinga ya kutegemea. Mtoto aliyeogelea lamboni kisha akakojoa damu, hata tone la mwisho tu, apelekwe zahanati akapimwe mkojo. Dawa yake ipo, na inatibu.

Dalili zisizopaswa kusubiri

Kupauka na kuwashwa kidogo huisha kwa siku mbili ukipaka mafuta. Vipele vyenye usaha kwenye sehemu zilizofunikwa na nguo ya kuogelea, duara linalokua na kingo zilizoinuka, vinundu vidogo vyenye kishimo katikati, jicho linalouma au kuogopa mwanga, mpeleke kwa daktari. Usinunue tyubu ya krimu dukani kwa kuelezewa na jirani. Nyingi zina steroidi: huzima muwasho kwa siku tatu, wakati fangasi anaendelea kutambaa chini kwa chini.

Nguo

Usiiache kwenye mfuko wa plastiki mpaka kesho. Isuuze siku hiyohiyo kwa maji mengi, bila sabuni ya unga, ikamue kwa kuikunja ndani ya taulo, uianike kivulini. Taulo lenyewe lifue kila safari na ulianike juani. Kwa upepo wa hapa, ukianika saa kumi, magharibi unaviingiza ndani vyote vikiwa vikavu.